Kama Ndiyo, Toa Maelezo

Matini ninayoihakiki leo haina jina la mwandishi, haitashinda tuzo yoyote, na huenda imesomwa na vijana wengi kuliko riwaya nyingi tunazozijadili katika kurasa hizi. Hukaa karibu na mwisho wa fomu ya maombi ya kazi, baada ya majina ya wadhamini na kabla ya sahihi. Inasema: "Je, umewahi kupatikana na hatia ya kosa lolote la jinai? Kama ndiyo, toa maelezo." Halafu zinafuata nukta, mistari miwili, kutoka ukingo hadi ukingo.

Nimeisoma mara nyingi mno. Nina steshenari Mandewa, hapa Singida mjini, na mwaka mzima vijana huja kuskani vyeti, kuchapa barua na kuingiza taarifa zao Ajira Portal pale mtandao unapokubali. Wengi wakifika kwenye swali hili huandika "Hapana" bila hata kuvuta pumzi, wakahamia kwenye tarehe. Mara moja moja kalamu husimama. Mwenye kalamu huniuliza bei ya kutoa kopi, ambayo anaijua, au hutoka nje kupokea simu ambayo mimi sikuisikia ikiita.

Kijana nitakayemzungumzia ni jirani yangu, na ameniruhusu kuandika mradi jina lake nisilitaje. Mwaka 2019, akiwa na miaka 21 na akiendesha bodaboda ya mtu, alimpiga abiria aliyekataa kulipa nauli. Makofi mawili kwa hesabu yake, matatu kwa hesabu ya abiria. Mahakama ya Mwanzo ilimtia hatiani kwa shambulio la kawaida, kosa lililomo katika kifungu cha 240 cha Kanuni ya Adhabu, ikampa faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha miezi mitatu. Mama yake aliuza kuku, faini ikalipwa siku ileile. Baadaye alisoma cheti cha ununuzi na ugavi, akawa anafanya kibarua cha kupima magunia kila msimu wa alizeti, na sasa kiwanda kimoja cha kukamua mafuta kilikuwa kinatafuta karani wa stoo. Fomu ilitakiwa irudi Ijumaa. Jumatatu alikuja kwangu, akafika kwenye swali lile, kalamu ikasimama.

Kati ya Jumatatu na Alhamisi aliandika majibu manne tofauti. Nimeyasoma yote kama ninavyosoma makala yoyote ya kweli: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimeachwa nje. Sidhani kama kuna matini inayotuhusu zaidi sisi tunaopenda maandishi yasiyo ya kubuni. Hii ni tawasifu fupi kuliko zote, na msomaji wake ndiye ameshika kazi yako mkononi.

Tuanze na swali lenyewe. Aliyewahi basi amefika mapema. Aliyewahi kufanya jambo amelifanya hata mara moja, wakati wowote. Maana hii ya pili haina ukomo. Makofi ya 2019 na makofi ya jana jioni yote yanaingia kwenye "umewahi". Neno "lolote" nalo linafuta ukubwa wa kosa kama vile "umewahi" inavyofuta muda: linatia kwenye gunia moja mhasibu aliyekula fedha za ushirika, dereva aliyetozwa faini mahakamani kwa mwendo kasi, na mama aliyekutwa na lita mbili za gongo. Kisha kuna "kupatikana na hatia". Mahakamani tunasikia pia "kutiwa hatiani", na huo usemi naupenda zaidi kwa sababu ya ile -ni ya mahali. Mtu anatiwa ndani ya kitu, na palipo na mlango wa kuingilia tunaweza kuuliza wa kutokea uko wapi. Anayepatikana na hatia ni kama aliyepekuliwa akapatikana na kisu. Kisu ni chake. Ataendelea kuwa mtu wa kisu.

Lipo kosa moja ambalo likiingia humu linaifanya fomu nzima kuwa kichekesho, nalo ni uzururaji. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, urithi wa enzi za mkoloni, vinawahusu watu wanaozurura na wasioweza kueleza riziki yao inatoka wapi. Mwaka 1983, katika operesheni iliyojulikana kama Nguvu Kazi, wasio na kazi walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hii barani zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Lakini maoni ya ushauri hayafuti hukumu ya mtu. Aliyetozwa faini kwa sababu hakuwa na kazi, siku anapoomba kazi anaulizwa kama amewahi kupatikana na hatia.

Rasimu ya kwanza ya jirani yangu ilikuwa neno moja: "Hapana."

"Dada, mimi sikufungwa," aliniambia. Hakuwa anatania. Mtaani kwetu mwenye rekodi ni mtu aliyelala ndani. Faini inaeleweka kama ushuru: umelipa, umepewa stakabadhi, umekwenda zako. Nampa haki yake, alilijibu swali kama mtaa unavyolielewa. Lakini chini ya fomu ileile kuna sentensi nyingine, ambayo hakuna anayeisoma, inayomtaka mwombaji athibitishe kwamba aliyoyajaza ni ya kweli na kwamba akidanganya ataachishwa kazi. Ile "Hapana" ingekaa kwenye faili ikisubiri siku atakapokosana na mtu ofisini. Na Singida ni mji wa kujuana. Abiria aliyepigwa bado yupo, na ana mdomo.

Rasimu ya pili ikaenda upande wa pili kabisa: "Ndiyo. Nilipiga mtu." Kila neno ni kweli, na bado sijasoma uongo unaopotosha kiasi hicho. Hakuna mwaka, hakuna mahakama, hakuna adhabu iliyotolewa ikaisha. Tunao waandishi wanaosifiwa kwa kusema ukweli mkavu namna hii, kana kwamba ufupi ni ushujaa. Mimi hapana. Ukweli uliovuliwa tarehe unamwachia msomaji aweke tarehe yake mwenyewe, na mwajiri mwenye maombi mia mezani ataweka ya jana.

Ya tatu ilijaza karatasi nzima. Humo niliwakuta watu nisiowafahamu: makundi mabaya, tamaa za ujana, na shetani, ambaye kama kawaida "alinipitia". Mwisho aliiomba ofisi tukufu impe nafasi ya pili, ili awe mfano kwa vijana wenzake. Sauti hiyo naijua, na nyinyi mnaijua. Ni ya ushuhuda, ile tunayoisikia kwenye mikutano ya injili na kwenye vipindi vya redio vya watu walioacha ubaya. Mahali pake inafanya kazi yake. Kwenye fomu ya stoo inaleta shida ya kisarufi kwanza: shetani anachukua nafasi ya mtenda, na mwombaji anatoweka kwenye sentensi. Mwajiri atamwajirije mtu ambaye siku ya tukio hakuwepo? Shida ya pili ni kwamba si kweli. Hakukuwa na kundi lolote. Walikuwa watu wawili, pikipiki moja na ubishi wa shilingi elfu mbili. Kati ya rasimu zote nne hii ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli, na naihesabu pamoja na ile ya "Hapana".

Nilimuuliza ameyatoa wapi maneno yale. Akanishangaa. "Si ndivyo yanavyoandikwa?"

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike. Alipohitaji lugha ya kusemea kosa lake alikwenda kuichukua ilipo, na lugha ilipo ni sehemu mbili tu. Moja ni hiyo ya mtubu. Nyingine ni ya shujaa, na hiyo fasihi yetu imeitunza vizuri. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?", akatoka mwaka 1972 na mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Alipotoka alivuka mpaka, akapokelewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kifungo chake tunakisema kwa fahari katika kila utangulizi. Adam Shafi aliwekwa ndani Zanzibar baada ya Karume kuuawa mwaka 1972. Miaka thelathini na moja baadaye tukapata Haini. Uhaini na uchochezi ni makosa yanayoweza kubebwa kichwa kikiwa juu. Makofi mawili kwa ajili ya elfu mbili hayabebeki hivyo. Hayana tuzo. Ni aibu ndogo tu ya siku moja, na sikumbuki riwaya ya Kiswahili inayomfuata mtu wa aina hiyo hadi kwenye dirisha la kuombea kazi.

Aliyekaribia ni Shaaban Robert, na kwa njia ya majini. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952 ambacho wengi wetu tulikutana nacho shuleni tukakiona hadithi ya watoto, Adili anawachapa manyani wawili kila usiku kisha anawalilia. Manyani hao ni ndugu zake, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu walimtosa baharini. Adili hataki kuwachapa, lakini ameamriwa. Kinachonivutia ni hapo Mfalme Rai anapopata habari. Wao walitenda kosa, na kosa lilikuwa kubwa, kubwa mara mia kuliko makofi ya bodaboda. Mfalme habishi hilo. Anachoona hakivumiliki ni kwamba adhabu inarudiwa kila usiku bila mwisho, na anayelazimishwa kuirudia anateseka pia. Anawaombea msamaha, na wanarudishiwa ubinadamu wao.

Hadithi hiyo ina mizizi katika Alfu Lela Ulela, na huko ndugu wakishasamehewa wanarudia uovu wao, wanajaribu kumuua aliyewasamehe, wanauawa. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Kwake ndugu wanabadilika na kuishi kama watu. Wapo wanaouona uamuzi huo kama unyonge wa mwandishi mpenda mafunzo, na zamani nilikuwa karibu na maoni hayo. Siku hizi, baada ya miaka ya kukaa mbele ya fomu za watu, nauona kuwa ndio uamuzi mgumu zaidi kitabuni, maana mwisho wa Alfu Lela Ulela ndio kila mwajiri anao kichwani tayari. Lawama yangu kwa Shaaban ni nyingine: amefunga kitabu mapema. Ndugu wakishakuwa watu tena, hakuna mtu pale mjini anayewauliza kama wamewahi kuwa manyani.

Huku kwetu wangeulizwa. Na jibu lina bei. Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha utafiti alioufanya Milwaukee, Marekani: aliwatuma vijana wenye sifa zinazofanana kuomba kazi zilezile, wengine wakisema wana rekodi ya jinai, wengine hawana. Vijana wa kizungu wasio na rekodi waliitwa tena kwa asilimia 34, wenye rekodi asilimia 17. Weusi wasio na rekodi asilimia 14, wenye rekodi 5. Rekodi yenyewe ilikuwa ya dawa za kulevya na kifungo cha miezi 18, kwa hiyo sidai kwamba makofi ya Singida yana uzito huo. Naitaja kwa ajili ya jambo moja: tunapomwambia kijana "sema ukweli tu, utaheshimika", tunamshauri kwa gharama yake.

Wapo watakaosema mwajiri ana haki ya kujua. Anayo. Nikiwa natafuta mtu wa kulea watoto au kushika fedha, kuna makosa ambayo ningetaka kuyajua hata yakiwa ya zamani, na sitajifanya kuwa na moyo mpana kuliko nilio nao. Lakini haki ya kujua inahitaji swali linalojua linatafuta nini. Hili la "lolote" halijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, ina orodha ndefu ya mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyatumia kubagua: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, Virusi vya Ukimwi, umri na mengine, na inamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Kosa la zamani halimo kwenye orodha. Uingereza, ambako tulikopa sehemu kubwa ya sheria zetu, wana sheria ya mwaka 1974 inayosema hukumu nyingi zikishapita muda fulani huhesabiwa kuwa zimekwisha, na mwombaji anaweza kujibu "hapana" pasipo kudanganya, isipokuwa kwa kazi maalumu kama za watoto. Kwa mtu mzima aliyetozwa faini, muda huo sasa ni mwaka mmoja. Kenya kuna hati iliyozoeleka kwa jina la cheti cha tabia njema, shilingi 1,050 za huko, na jina hilo lingestahili makala yake: alama za vidole zinawezaje kushuhudia tabia?

Hatuna haja ya kwenda mbali, hata hivyo. Katiba yetu, ibara ya 39, inapotaja sifa za mtu anayetaka kuwa Rais, inataka asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali katika kipindi cha miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Miaka mitano. Waandishi wa Katiba walijua kuiwekea "umewahi" uzio, na walijua kutaja kosa gani linahusiana na kazi gani. Kosa ni la kodi, kazi ni ya kuongoza nchi inayoendeshwa kwa kodi, na bado baada ya miaka mitano mlango uko wazi. Karani wa stoo ya alizeti hana miaka mitano. Anaulizwa kuhusu maisha yake yote, na nafasi ya kujibia ni mistari miwili.

Rasimu ya nne aliiandika Alhamisi asubuhi, nikiwa nahudumia wengine. Kwenye nukta aliandika: "Ndiyo. Shambulio la kawaida, 2019, faini, nimelipa. Maelezo yako kwenye karatasi niliyoambatisha." Karatasi ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilitaja mahakama, tarehe na ugomvi wa nauli, bila shetani: "nilimpiga abiria". Ya pili ilisema faini ililipwa siku hiyohiyo na kwamba tangu hapo hajashtakiwa tena. Ya tatu ilitaja misimu minne ya kupima magunia na jina la mtu wa kupigiwa simu. Nyuma alibana kopi ya stakabadhi, ambayo kumbe mama yake aliihifadhi ndani ya Biblia.

Ni maandishi mazuri. Mtenda yupo, wakati upo, na hakuna anayeombwa machozi. Sikupenda kitu kimoja. Katika rasimu ya tatu, katikati ya shetani na makundi mabaya, palikuwa na sentensi moja hai: "mama aliuza kuku ili nisilale ndani". Kwenye ya nne haikuwepo. Nilimwambia airudishe. Nilimweleza kama ninavyomweleza mwandishi yeyote kwamba hapo ndipo msomaji atakapoelewa kosa lile lilimgharimu nani, na kwa nini halikurudiwa.

"Kuku ni wa mama, dada," akasema. "Makofi ni yangu, hayo nitayaandika. Yeye hajaomba kazi."

Bado naamini karatasi ile ina pengo. Naamini pia kwamba alikuwa na haki ya kuliacha, kwa sababu "toa maelezo" haisemi maelezo ya nani, na nyumba nzima inaweza kujikuta imejazwa kwenye fomu ya mtu mmoja. Aliibana, akalipa kopi, akapanda bodaboda ya mwenzake kuipeleka. Hajaitwa bado, wala hajakataliwa.

Hapa ameniruhusu kuwataja kuku, baada ya kumuuliza mama yake. Mama alisema hana shida, ila nisiandike "kuku" tu kama vile walikuwa wawili. Walikuwa sita, na mmoja alikuwa anaatamia.